Naomba ushauri, kupangisha nyumba kwa siku Lushoto mjini

Habari zenu wakuu, nina nyumba ya marehemu mzee hapa Lushoto, vyumba vitatu na baraza moja linaloangalia bondeni, aisee ukikaa pale asubuhi ukungu ukipanda hutaki kutoka. Mpangaji wa mwezi alihama na kuniachia bili ya umeme, sasa dogo wangu kaniambia niiweke Airbnb, ule mtandao wa kupangisha nyumba kwa siku, maana wazungu wa kupanda milima ya Usambara hawakosekani na watu wa Dar nao wanakuja kufuata baridi wikiendi.

Kinachonichanganya ni vibali. Tin ya TRA ninayo, leseni ya biashara najua inatoka halmashauri, ila nimeuliza watu watatu nikapata majibu matatu, mmoja anasema nyumba ya mtu binafsi lipa tu kodi ya pango asilimia 10 basi, mwingine anasema ukishalaza mgeni kwa usiku wewe ni gesti kwahiyo unahitaji leseni ya utalii na hoteli levi (tozo ya kulaza wageni) juu yake, wa tatu anataka "nimuone" kwanza 😂

Mliowahi kufanya hii kwenye miji midogo, siyo Arusha wala Zanzibar, mlianzia wapi? Mwenyekiti wa mtaa anahusika? Kitabu cha wageni lazima? Na mgeni wa nje nachukua kopi ya pasi au inatosha kuandika namba? Majirani wazee, makelele hawataki kabisa, hilo nalo linanipa presha.