Mjadala: Tom Brady aliibeba timu, au alibebwa?

MLETA MADA

Wadau, habari za mchana huko nyumbani. Huku Massachusetts ndiyo kwanza kumekucha na mimi natoka zamu ya usiku. Nimekuja na ubishi tuliouanza saa nane usiku kwenye chumba cha kupumzikia, Wakenya wawili, Mkongo mmoja na mimi. Tuliukatisha tu kwa sababu wazee tunaowahudumia walianza kupiga kengele.

Kwa asiyefuatilia mpira wa Kimarekani: kwotabeki ndiye anayeupokea mpira kila mchezo (jaribio moja la kushambulia ndani ya mechi) unapoanza, na ana kama sekunde tatu za kuamua aurushe kwa nani, amkabidhi mwenzake, au akimbie nao mwenyewe. Mbele yake kuna mabonge matano ya watu, kazi yao kubwa kumkinga. Kocha anaongea naye kwa redio iliyofungwa ndani ya kofia. Sasa sikilizeni hapa, maana ndipo ubishi wote ulipolala. Zikibaki sekunde 15 kwenye saa ya kuanzisha mchezo, redio inakatwa. Kocha hasikiki tena. Mkongo anasema hapo ndipo kipaji kinapoanza kazi. Mimi nasema kufikia hapo kazi imeshafanyika.

Tunamchukua kwotabeki Tom Brady kwa sababu hakuna mchezaji mwingine mwenye pete saba za Super Bowl, fainali ya ligi ambayo bingwa wake huvishwa pete, na kwa sababu mji huu ukimsema vibaya unatafuta kinyozi mwingine.

Mwaka 2000 timu zilipochagua vijana kutoka vyuoni, Brady aliitwa wa 199, raundi ya sita. Makwotabeki sita walishachukuliwa kabla yake. Kwenye vipimo alikimbia yadi 40 kwa sekunde 5.28, mwendo ambao hata baadhi ya wale mabonge wa mbele wanaupita. New England Patriots, timu ya huku kwetu iliyomchukua, wenyewe walishachagua watu wengine sita kabla yake. Hicho kipaji kilikuwa kimejificha wapi?

Septemba 2001 kwotabeki mkuu wao, Drew Bledsoe, akagongwa na Mo Lewis wa New York Jets mpaka akavuja damu kwa ndani. Brady akaingia, na Februari 2002 wakachukua Super Bowl kwa kuwafunga St. Louis Rams 20-17. Hadithi tamu. Lakini usiku ule Brady alifanya nini? Yadi 145 za pasi na tachidauni moja, yaani pasi ya kufikisha mpira mwisho wa uwanja na kupata pointi, basi. Ty Law, mtu wa ulinzi, ndiye aliyenasa pasi ya Kurt Warner, kwotabeki wa Rams, akakimbia nayo yadi 47 mpaka mwisho wa uwanja. Kocha Bill Belichick ndiye aliyepanga Marshall Faulk, mkimbiaji wa Rams, agongwe kila anapochomoka, awe na mpira asiwe nao.

Ushahidi wangu mkubwa ni 2008. Mechi ya kwanza ya msimu goti la Brady likaharibika. Akaingia Matt Cassel, mtu ambaye hakuwahi kuanza mechi kama kwotabeki tangu sekondari. Chuoni alikaa benchi nyuma ya Carson Palmer, kisha nyuma ya Matt Leinart. Timu ikashinda mechi 11 kati ya 16! Na 2016 Brady alipofungiwa mechi nne kwa ile kesi ya mipira iliyopunguzwa upepo, Jimmy Garoppolo na Jacoby Brissett wakashinda tatu. Ukichomoa kitu gari likaendelea kutembea, kitu hicho hakikuwa injini.

Msimamo wangu: alibebwa. Leteni hoja. Na tafadhali asije mtu na Simba na Yanga hapa.

KINYOZI WA LOWELL

Mkuu, kwangu usije tena kunyolewa.

Hiyo 2008 umeisoma nusu. Msimu wa kabla yake, Brady akiwepo, walishinda mechi zote 16. Kwa hiyo ushindi wa mechi tano ulikwenda na maji, na hicho kikosi cha Cassel hata hatua ya mtoano hakikufika. Randy Moss alikuwa yule yule wa kudaka. Brady 2007 alirusha pasi 50 za tachidauni, Cassel 21. Gari lilitembea, nakubali, kwa gia ya pili.

Halafu twende Indianapolis, ambako wewe hupendi kwenda. 2010, kwotabeki wao Peyton Manning yupo, wanashinda 10 kati ya 16. 2011 shingo ikamweka nje msimu mzima. Kocha yule yule Jim Caldwell, jezi zile zile. Wakashinda mbili. Mbili! Mfumo ulikwenda wapi, likizo?

Na huyo Belichick mpime bila Brady. Akiwa kocha wa Cleveland, 1991 hadi 1995, alishinda 36 akapoteza 44. Brady alipoondoka, msimu wa 2020 Belichick akashinda 7 akapoteza 9. Msimu huo huo Brady, mtu mzima wa miaka 43, yuko Tampa Bay, timu ambayo mwaka uliotangulia ilishinda 7 tu, na anawafunga Kansas City 31-9 kwenye Super Bowl, tena uwanja wa nyumbani. Belichick aliyebaki akamaliza 2023 na ushindi wa mechi 4 kati ya 17, Januari akaaga. Nani alikuwa mgongoni kwa nani?

MCHOKOZI

Mpira unashikwa kwa mikono mwanzo mwisho halafu mnauita wa miguu. Endeleeni tu.

MAMA WATATU, MINNEAPOLIS

Wanangu, mnamgombania mtu aliyekaa timu moja misimu 20. Hapo kipaji na mfumo vimeshaota pamoja, hamtavichomoa. Chukueni mtu aliyezunguka. Chukueni kwotabeki Sam Darnold.

Aliitwa wa tatu kwa nchi nzima mwaka 2018, na Jets wakamkabidhi timu ana miaka 21. Oktoba 2019, siku ambayo alikuwa amevalishwa kinasa sauti cha televisheni, akasikika kwenye benchi akisema anaona mizimu. Patriots waliwafunga 33-0 usiku ule, na nchi nzima ikamcheka kijana wa watu. Kwa Jets mechi alizoanza alishinda 13 akapoteza 25. Akapelekwa Carolina, mambo yale yale. Akaenda San Francisco kukaa benchi mwaka mmoja akimtazama kocha Kyle Shanahan anavyopanga kazi. 2024 akaja kwetu Minnesota kwa kocha Kevin O'Connell, akashinda 14 kati ya 17, pasi 35 za tachidauni. Mkono ule ule uliokuwa New York.

Ila mleta mada usishangilie mapema. Januari 2025, mechi ya mtoano na Rams, ambao siku hizi ni wa Los Angeles, ile iliyohamishiwa Arizona kwa sababu ya moto wa Los Angeles, nilikuwa jikoni nasukuma chapati na televisheni iko pembeni. Darnold aliangushwa chini na mpira wake mkononi mara tisa. Nikigeuza chapati, yuko chini. Nikiweka mafuta, yuko chini tena. Ikaisha 27-9. Ukuta wa mbele ulibomoka, sawa, lakini kuna mipira niliona kwa macho yangu ameing'ang'ania muda mrefu mno, anasubiri mtu atokee, na mtu hatokei. Mbebwa hujikaza, wahenga walisema. Siku ile hakujikaza.

KINYOZI WA LOWELL

Mama, shikamoo. Umetusema wote wawili.

DEREVA WA MALORI

Mimi naongea nikiwa kituo cha mafuta, kwa ufupi. Kwotabeki Steve Young akiwa Tampa Bay mechi alizoanza alishinda 3 akapoteza 16. Akaenda San Francisco, akakaa benchi nyuma ya kwotabeki Joe Montana, na kwenye Super Bowl ya Januari 1995 akarusha pasi sita za tachidauni. Mfumo wa kocha Bill Walsh wa San Francisco ulitengenezwa tangu Cincinnati kwa ajili ya kwotabeki ambaye mkono wake haukuwa na nguvu ya kurusha mbali: pasi fupi, haraka, mpira unamkuta mtu njiani. Mfumo ulizaliwa kwa sababu ya upungufu wa mtu. Hilo hamjalisema. Naondoka.

MHASIBU

Dereva kasema neno, lakini wote mmeruka pesa.

Tangu 1994 kila timu ina kikomo cha jumla ya mishahara. Dola unayomwongezea kwotabeki ni dola unayomnyima yule bonge anayemkinga. Kwa hiyo kipaji na mfumo vinakula sahani moja, na mwenye sahani ni mwenye timu.

Kwotabeki Brock Purdy wa San Francisco aliitwa wa mwisho kabisa mwaka 2022, nambari 262. Akafika Super Bowl ya Februari 2024 akilipwa chini ya dola milioni moja kwa mwaka, huku pembeni yake wamejaa watu wa bei mbaya: Christian McCaffrey, Trent Williams, Nick Bosa kwenye ulinzi. Kila mtu akasema anabebwa. Haya. 2025 timu ile ile ikampa mkataba wa miaka mitano wenye thamani ya dola milioni 265. Shanahan ndiye mwenye mfumo, na anajua kuliko sisi mfumo wake unafanya nini. Kama unaweza kumweka hapo yeyote ukaenda, kwa nini waandike hundi ile? Mbona hawakutafuta mwingine wa nambari 262?

Ninyi mnaosema mfumo, nijibuni hilo kwanza. Na Brady wenu kwa miaka mingi alikubali mshahara ulio chini ya bei yake sokoni ili wengine wapatikane. Sijui mtaliandika daftari la kipaji au la mfumo.

MLETA MADA

Nimelala, nimeamka, nimesoma zote. Mhasibu umenikaba pabaya. Jibu langu kwako ni kwamba mwenye timu naye ni mwoga kama mimi na wewe: akishapata mtu anayefanya kazi, hataki kurudi sokoni kubahatisha. Hundi ile ni ya kununua usingizi. Najua si jibu zito sana, lakini ndilo ninalo.

Kuhusu Tampa Bay, tusidanganyane kwamba Brady alikwenda kuokota masikini. Wadakaji Mike Evans na Chris Godwin walikuwepo, na ulinzi wa Todd Bowles ulikuwepo. Aliyemtangulia, Jameis Winston, alipoteza pasi 30 msimu mmoja mikononi mwa wapinzani. Timu ile ilikuwa inahitaji tu mtu asiyegawa mipira.

Hata hivyo nilikwenda kutafuta cha kumnyamazishia Kinyozi nikarudi na cha kujinyamazisha mwenyewe. Tampa 2020 walifika mechi 12 wameshinda 7 na kupoteza 5, wakicheza mpira wa kocha Bruce Arians wa kurusha mbali. Wakawa na wiki ya mapumziko. Waliporudi hawakufungwa tena, ushindi wa mechi nane mfululizo mpaka kombe. Na kwenye fainali Brady alirusha pasi tatu za tachidauni: mbili kwa Rob Gronkowski, moja kwa Antonio Brown. Wote wawili aliwahi kuvaa nao jezi ya New England. Kama alibebwa, basi alihama na mbeleko yake.

Nikarudi pia kwenye 2002, dakika ile ya mwisho na Rams. Nimeirudia mara nne chai ikipoa. Matokeo ni 17-17, imebaki dakika moja na sekunde 21, wako yadi 17 tu kutoka mwisho wa upande wao wenyewe, na ruhusa ya kusimamisha saa wameshaimaliza. John Madden, anayetangaza, anasema bora wangoje muda wa nyongeza. Brady anamrushia J.R. Redmond pasi fupi. Tena Redmond. Tena Redmond. Kisha Troy Brown, yadi 23. Anasimamisha saa kwa kuupiga mpira chini zikiwa zimebaki sekunde saba, na Adam Vinatieri anaupiga kutoka yadi 48. Hizo pasi kwa Redmond ni za mtu anayefuata alichofundishwa, hata nyanya yangu angeona. Kijana huyo simtoi mgongoni. Yule wa Tampa ndiye aliyenishinda: anaingia kwenye nyumba ya watu na baada ya miezi mitatu ndiye anayepanga viti.

Kwa hiyo naipunguza kauli yangu. 2001 alibebwa. Kuna mwaka mahali fulani katikati walibadilishana, na huo mwaka ndio nautaka.

KINYOZI WA LOWELL

2007. Pasi 50. Mjadala umefungwa.

MAMA WATATU, MINNEAPOLIS

2007 alikuwa na Moss, Kinyozi, naye Moss anadaka hata ukirusha chungu. Mimi nasema Super Bowl ya Februari 2017 na Atlanta. Wako nyuma 3 kwa 28, wanashinda 34-28. Hapo hata Belichick alikuwa anatazama kama sisi.

KINYOZI WA LOWELL

Mama, na ulinzi ulioacha kufungwa baada ya 28 ulikuwa wa nani?

MLETA MADA

Sasa Kinyozi umeanza kunisaidia bila kujua.

Zamu inaanza saa tano usiku. Nikifika nitamwambia yule Mkongo achukue Indianapolis ya 2011, hiyo sibishi tena. 2008 simpi.