Dar siku nne na mama mgonjwa: hoteli ya 120,000 Kisutu au nyota tano Posta?

Msafiri wa Dom

Habari zenu wadau. Tunakuja Dar kwa SGR kutoka Dodoma, watu watatu: mimi, mke wangu na mama yangu mzazi, ana miaka 71. Mama ana kliniki Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, pale Muhimbili, Jumatano na Alhamisi asubuhi. Ijumaa tuna manunuzi Kariakoo. Tunafika Jumanne jioni na kurudi Jumamosi jioni, kwa hiyo tunalala siku nne, vyumba viwili. Magoti yanamsumbua na anachoma insulini.

Bei nilizopata kwa chumba kwa siku: hoteli ya kati Kisutu ni 120,000 pamoja na chai ya asubuhi. Nyota tano Posta ni 430,000 bila VAT, na chai ni 45,000 kwa kila mtu. Bajeti ya kulala ni milioni 2.5. Naomba anayejua anieleze hiyo tofauti inanunua nini hasa, maana picha za mtandaoni vyumba vyote vinang'aa.

Mapokezi24

Karibu mkuu, na pole kwa kuuguza. Kwanza piga hesabu ya mwisho, usilinganishe bei za tangazo. 430,000 ukiongeza VAT ya 18% ni 507,400. Vyumba viwili kwa siku nne ni 4,059,200. Chai ya watu watatu siku nne ni 540,000. Jumla 4,599,200, na hapo hujagusa chakula cha jioni wala dobi, ambayo hoteli hizo hutoza kwa nguo moja moja. Kisutu ni 960,000, chai ndani. Kwa hiyo nyota tano kwa siku zote nne haiingii kwenye bajeti yako, labda ushushe bei.

Na kushusha inawezekana. Piga simu hoteli yenyewe, omba bei ya mkazi, useme una kitambulisho cha NIDA. Bei unayoiona kwenye tovuti za kubukia mara nyingi ni ya mgeni wa nje. Wakikutajia dola, waombe shilingi: kanuni za Machi 2025 zimekataza bei za ndani ya nchi kutajwa kwa fedha za kigeni. Uliza pia kama chaji ya huduma imo ndani ya bei au inaongezwa mwisho.

Nyota nazo ziangalie vizuri. Daraja rasmi hutolewa na Wizara ya Maliasili na Utalii kwa vigezo vya pamoja vya Afrika Mashariki. Nyota za kwenye tovuti ya kubukia mara nyingi hoteli imejipa yenyewe. Ukikuta "nyota nne" ya laki moja, hiyo ni hoteli ya kati.

Sasa tofauti yenyewe. Kubwa kuliko zote ni umeme, na watu wengi hawaiulizi. Ukiuliza "jenereta lipo?" utajibiwa lipo, na ni kweli lipo. Swali linalotakiwa ni hili: umeme ukikatika, kiyoyozi cha chumba changu kinaendelea? Kiyoyozi cha BTU 12,000 (kipimo cha nguvu ya kupoza) kinakula karibu kilowati moja kikiwa kinafanya kazi, na wakati wa kuwaka kinavuta zaidi. Hoteli ya vyumba 30 inahitaji kilowati 30 au zaidi kwa viyoyozi peke yake. Jenereta la kVA 20 linatoa kama kilowati 16. Ndiyo maana hoteli nyingi za kati hulifungia taa, lifti na mapokezi tu. Heta ya maji ya papo hapo nayo haimo, ile moja inaweza kula kilowati tatu hadi tano. Nyota tano hubeba jengo zima, unaona taa inapepesa sekunde chache basi. Kwa mgonjwa wa moyo, usiku wa Dar wa mwezi wa kwanza au wa pili bila kiyoyozi si jambo la kujaribu.

Bomba la Juu

Naongeza bafu, maana mama wa miaka 71 mwenye magoti anaumia bafuni kuliko mahali pengine popote.

Hapa bei kubwa haikuhakikishii kitu. Hoteli kubwa nyingi, hasa majengo ya zamani, zina hodhi la kuogea lenye ukingo unaofika magotini, na bomba la mvua liko humo humo ndani. Mama atalivukaje? Omba chumba chenye bafu la kusimama, na useme sababu. Hoteli kubwa nyingi zina vyumba vichache vya watu wenye ulemavu, vyenye vyuma vya kushika ukutani. Vinatolewa kwa anayeomba mapema.

Hoteli ya kati shida yake ni nyingine: bafu na choo ni chumba kimoja kisicho na kizuizi, maji yanatapakaa kwenye vigae laini, na mara nyingi kuna kizingiti mlangoni. Beba ndala za mpira zenye meno na kizulia cha mpira cha kuogea. Omba pia stuli ya plastiki, wanazo.

Maji: sehemu nyingi za mjini hoteli huchanganya ya DAWASA (ya bomba la mji) na ya kisima. Ya kisima yakiwa na chumvi sabuni haitoi povu na chai inakuwa na ladha ya chumvi. Kuoga hayana neno, ila chupa ya maji ya kunywa iwe ya dukani. Presha nayo: tangi likiwa juu ya paa, ghorofa ya mwisho ndiyo yenye maji dhaifu, kwa sababu tangi liko mita mbili tatu tu juu ya bomba. Ghorofa ya pili au ya tatu ndiyo nzuri, na lifti ikigoma mama anashuka pole pole.

Insulini. Ambayo haijafunguliwa inatakiwa nyuzi 2 hadi 8. Friji ndogo za hotelini, za kati na za kifahari, nyingi hazifiki huko. Zimetengenezwa kupoza soda. Na kuna kitu kinaponza watu: ile kadi unayochomeka ukutani ili umeme uwake. Ukiichomoa kwenda kliniki, hoteli nyingine friji inazimika pamoja na taa. Waulize, au waombe kadi ya pili ibaki imechomekwa. Zikiwapo chupa au kalamu za akiba, wape mapokezi au jikoni waziweke kwenye friji kubwa, ndani ya mfuko wenye jina, mbali na sehemu ya barafu. Insulini ikiganda imeharibika hata ikiyeyuka. Ile anayoitumia sasa inaweza kukaa nje ya friji wiki nne hivi bila joto kali (soma karatasi ya boksi lake). Ibaki kwenye mkoba wa mama, siyo dirishani.

Kivukoni kwa Miguu

Wakuu mmesema vizuri, ila mahali hamjapagusa, na kwa ratiba hii mahali ni nusu ya jibu.

Stesheni ya SGR iko mjini kabisa, Kisutu na Posta zote ni safari fupi ya teksi. Muhimbili iko Upanga, kutoka Kisutu ni kama kilomita mbili. Usishawishike na hoteli nzuri za Masaki kwa sababu ya bahari. Daraja la Tanzanite limerahisisha tangu 2022, lakini asubuhi utakuwa unaingia mjini pamoja na kila anayekwenda kazini, na mgonjwa anatakiwa awahi foleni. Kwa nini usitafute hoteli ya kati Upanga kwenyewe? Zipo za 130,000 hadi 160,000, mitaa ina miti na kelele ni kidogo. Kariakoo nayo haiko mbali.

Kulala Kariakoo penyewe kwa ajili ya manunuzi sikushauri. Mikokoteni na wapakiaji wanaanza kabla ya alfajiri, na vyumba vingi dirisha lake linatazama ukuta wa jirani au korido.

Chai ya asubuhi: siku za kliniki msiilipie hoteli kubwa. Kama mama ameambiwa apime damu kabla ya kula, na mnatoka saa 12, ile 45,000 imekwenda bure. Hoteli ya kati ukiwaambia jioni watakufungia chapati na mayai ya kuchemsha, ale baada ya vipimo. Suala la insulini ya asubuhi hiyo ya kufunga muulizeni daktari mapema, msikisie.

Ukitaka nyota tano, ichukue Ijumaa peke yake. Wafanyabiashara na watu wa semina wanaondoka Posta wikiendi, na bei huwa inalegea. Hata kwa bei uliyopewa: siku tatu Kisutu 720,000, Ijumaa nyota tano na chai 1,149,800, jumla 1,869,800. Mama anapumzika kwenye kitanda kizuri baada ya kliniki. Ulizia kutoka saa ngapi. Kubwa nyingi ni saa 6 mchana, za kati nyingi ni saa 4 asubuhi. Mizigo wanakutunzia hadi muda wa treni bila malipo.

Tahadhari ya kadi: nyota tano watazuia fedha za dhamana mnapoingia. Kadi yako ikiwa ya akaunti ya kawaida ya benki, hela hiyo huioni kwenye salio na inaweza kuchukua siku kadhaa kurudi baada ya kuondoka. Uliza kiasi mapema, uone kama wanapokea dhamana kwa njia nyingine.

Mapokezi24

Hilo la Ijumaa mimi nalipinga kidogo. Kuhamisha mgonjwa, dawa na mizigo ya Kariakoo kwa ajili ya siku moja ni kazi. Hiyo 1,149,800 ukiipeleka kwenye hoteli bora ya kati kwa siku zote nne, mama anafaidi zaidi. Nyota tano ni nzuri kwa mtu anayekaa ndani mchana kutwa. Nyie mchana mko kliniki.

Msafiri wa Dom

Asanteni sana, Mungu awabariki. Nimewauliza kwa WhatsApp. Kisutu wamesema jenereta ni la taa na lifti tu, na friji inazimika ukitoa kadi. Nimepata Upanga 150,000 na chai: jenereta linabeba viyoyozi vya ghorofa ya 1 na 2 tu, lifti ipo, bafu halina hodhi. Nichukue?

Bomba la Juu

Chukua. Ni 1,200,000 kwa siku zote, 240,000 tu juu ya Kisutu. Waandike kwenye ujumbe kwamba vyumba viwili ni ghorofa ya 1 au ya 2, vimepakana, upande usio na jenereta, na masharti ya kughairi ni yapi, ili siku ya kufika usiambiwe vimejaa. Kitanda cha mama kiwe na urefu wa kumfanya akikaa nyayo ziguse chini.

Mkifika, kabla ya kulipa, mama akae mapokezi, wewe upande. Washa kiyoyozi kwa nyuzi 22 na ukiache dakika kumi. Kikitiririsha maji ndani, bomba lake la kutolea maji limeziba, badilisha chumba. Fungua maji ya moto hadi yafike kweli. Vuta nyavu za dirisha uone kama zimechanika kwenye kona, mbu huingilia hapo. Kisha lipia siku moja kwanza, chukua risiti ya EFD, zilizobaki lipa asubuhi ukishaona mama amelalaje.