Naomba ushauri: mtoto wa dozi ya mseto hataki kula

Wakuu, heshima kwenu. Niko duka la dawa huku Newala. Mtoto wa kilo 18, mRDT (kipimo cha haraka cha malaria) chanya, kaandikiwa ALu (dawa mseto ya malaria: artemetha na lumefantrini) vidonge 2 kila dozi: saa ya 0, 8, 24, 36, 48 na 60 tangu dozi ya kwanza. Ya kwanza kaitapika baada ya dakika 20, ikarudiwa yote kwa kuwa saa moja haijapita. Ya pili imetulia, ila kaimeza kwa maji matupu, na lumefantrini bila mafuta hainyonywi vizuri. Uji wa muhogo mtupu hausaidii. Mama nimemwambia asage korosho kiganja kimoja atie kwenye uji (huku hazikosekani).

Korosho zinatosha, au atafute maziwa? Na akitapika tena, nirudie vidonge au aende moja kwa moja hospitali kwa sindano ya artesuneti?