Neurospora crassa: peritesia zinajaa, askospora zote nane zinabaki nyeupe. Tatizo ni jeni au ni krosi?

utando25
Habari wanajukwaa. Nina kuvu Neurospora ya mat A (jinsi zake mbili za kupandana ni mat A na mat a) iliyofutwa jeni moja. Mahali pake pamewekwa kaseti ya ukinzani wa haigromaisini (dawa inayoua kuvu). Nikiikutanisha na mat a ya asili, peritesia (vyumba vinavyobeba mifuko ya spora) zinatokea kwa wingi na kuwa nyeusi, lakini karibu kila mfuko una askospora (spora za kijinsia) nane nyeupe zisizoiva. Kama jeni hii ndiyo inayoivisha spora, nilitegemea nne nyeusi na nne nyeupe, maana nusu ya spora zinarithi jeni nzima. Nimeirudisha jeni kwenye eneo la his-3 (si mahali pake pa asili), hali ni ileile. Chakula ni SC (cha kufanyia krosi) chenye sukrosi 2%, joto nyuzi 25. Niangalie wapi?

mfuko_wa_nane
Chakula na joto viondoe kwenye orodha. Vingekuwa vibaya usingefika hapo ulipo: amonia nyingi, kama ya chakula cha Vogel cha kukuzia kuvu, huzuia protoperitesia (peritesia changa kabla ya utungisho) kujitokeza, na joto la juu ya nyuzi 30 huharibu upande wa kike. SC hutumia nitrati kidogo kwa sababu njaa ya nitrojeni ndiyo inayoamsha uzazi wa kijinsia.

Fanya kwanza krosi ya pande zote mbili. Otesha mutanti kama jike siku 5 hadi 7, kisha idondoshee konidia (spora zisizo za kijinsia) za mat a zilizochanganywa na maji safi yaliyochemshwa. Halafu geuza, mutanti iwe dume. Ukuta wa peritesiamu hujengwa na tishu ya mama peke yake, hivyo kasoro inayoonekana mutanti ikiwa jike tu ni ya upande wa mama. Mfano mzuri ni pre-1, kipokezi cha feromoni: mat A iliyoikosa ni tasa kama jike, lakini konidia zake zinatunga mimba bila shida. Kwako, nadhani matokeo yatakuwa sawa pande zote.

kromosomu_pweke
Hujakosea jeni. Unachokiona ni unyamazishaji wa meiosisi (mgawanyiko wa seli unaotangulia spora), na dalili zako zote mbili zinaelekea huko.

Kromosomu zinapojipanga jozi, kuvu huyu hukagua kipande kwa kipande. Kipande kisicho na mwenzake upande wa pili husomwa kuwa RNA isiyo ya kawaida. Sad-1, ambayo ni polimerasi ya RNA inayotumia RNA kama kiolezo, huigeuza kuwa ya nyuzi mbili, nayo hukatwakatwa. Kuanzia hapo kila nakala ya jeni yenye mfuatano huo hunyamazishwa ndani ya mfuko, hata iliyo nzima. Kwako jeni ya mzazi wa asili haina mwenzake kwa kuwa uliifuta upande wa pili, kwa hiyo spora nne zilizorithi jeni nzima nazo hazikuipata kazi yake kwa wakati. Asm-1, jeni ya kuivisha askospora, ndiyo mfano maarufu wa tabia hii.

Nakala ya his-3 haikusaidia kwa sababu hiyohiyo. Nayo haina mwenzake kwenye his-3 ya mzazi wa asili, basi una nakala mbili na zote ni pweke. Rudisha jeni mahali pake pa asili, au tumia wazazi wawili waliofutwa jeni, kila mmoja akiwa na nakala ileile kwenye his-3.

Kipimo cha kukata shauri: kutanisha mutanti yako na mat a iliyofutwa Sad-1. Hapo Sad-1 yenyewe inakuwa pweke na kujinyamazisha. Ukipata nne nyeusi na nne nyeupe, jeni inafanya kazi ndani ya kila spora. Zikiiva zote nane, bidhaa yake inagawanywa kwenye mfuko mzima kabla kuta za spora hazijafunga.

utando25
Nimeelewa, ahsante. Nikifuta Sad-1 kwa wazazi wote wawili si itakuwa salama zaidi?

kromosomu_pweke
Hapana, krosi hiyo inakuwa tasa. Meiosisi yenyewe inaihitaji Sad-1. Mzazi mmoja anatosha.

Jihadhari pia na RIP, kinga ya kuvu huyu dhidi ya mfuatano unaojirudia. Baada ya utungisho na kabla ya viini kuungana, mfuatano unaojirudia ndani ya kiini kimoja hubadilishwa C kuwa T katika nakala zote mbili. Marudio yaliyo jirani huathirika yakifika takriban jozi 400 za besi, yaliyo mbali takriban 1,000. Kwa hiyo plasmidi ya his-3 isibebe kingo ndefu za jeni ambazo bado zipo kwenye eneo la asili.

mfuko_wa_nane
Nyongeza kuhusu kuvuna. Askospora huanza kurushwa siku ya 10 hadi 14 baada ya utungisho, lakini zikichukuliwa mapema huota vibaya. Subiri hadi wiki ya tatu. Zichukue kwenye mfuniko, ziweke kwenye maji ya nyuzi 60 kwa dakika 30 hadi 45. Joto hilo huziamsha na wakati huohuo huua konidia. Ukiliruka, makoloni mengi utakayohesabu yatakuwa ya wazazi. Tandaza kwenye chakula chenye sorbosi (aina ya sukari) ili makoloni yabaki madogo. Spora nyeupe hazitaota, kwa hiyo uwiano wa nyeusi na nyeupe uhesabu kwa darubini, kwenye mifuko iliyopasuliwa, kabla ya kuotesha chochote.