Biomedical mwaka wa pili: themodainamiki ya nini fildi hospitalini?

Kijana_Mwanjelwa: Wakuu, heshima kwenu. Nasoma uhandisi wa vifaa tiba, naanza fildi hospitali moja hapa Mbeya. Sakiti na multimita sina shida nazo. Ila themodainamiki naona tunabebeshwa tu. Nijiandae na nini?

Fundi_Vifaa: Dogo, otoklevu, ile mashine ya kuua vijidudu kwenye vifaa kwa mvuke wa presha, itakuumbua. Umekaririshwa nyuzi 121 ni paundi 15 kwenye geji, sivyo? Hiyo ni hesabu ya Dar. Geji inasoma presha iliyozidi hewa ya nje tu, na mvuke wa nyuzi 121 unataka presha kamili ya kilopaskali (kPa) 205. Pwani hewa inachangia 101, geji inamalizia 104, ndiyo paundi 15. Mbeya mjini, mita kama 1,700 juu ya bahari, hewa inatoa 83 hivi. Ukiishia paundi 15, ndani una nyuzi 118 tu, na vijidudu sugu vinabaki. Huku inatakiwa karibu 18. Kwanza lakini soma kibao cha mashine: inaruhusu presha gani? Vali ya usalama ikifunguka mapema, usithubutu kuikaza.

Bi_Vipimo: Hiyo 18 nayo inadanganya kama hewa haijatoka. Presha itakuwa ya mvuke na hewa pamoja, joto liko chini. Acha tundu la kutolea hewa wazi mpaka mvuke utoke mfululizo, ndipo ufunge. Dakika unazihesabu joto likishafika, mwanangu, wala si ulipowasha swichi. Na vifurushi visishindiliwe kama lumbesa ya viazi, mvuke hautapenya katikati.

Ethi_Kwanza: Unasema multimita huna shida nayo. Ukipima waya wa ethi kutoka pini ya plagi hadi ganda la chuma la mashine, gusanisha kwanza ncha za mita, usome, kisha utoe hiyo namba. Nyaya za mita zenyewe zina omu 0.2 au zaidi, na unachotafuta ni chini ya 0.3. Tena mita inapitisha mkondo mdogo mno: waya uliobaki na uzi mmoja utasoma vizuri tu. Kwa hiyo ukunjekunje waya huku ukiangalia namba.

Kijana_Mwanjelwa: Asanteni sana. Na Kyela je?

Fundi_Vifaa: Kule ni mita 500 tu, paundi 16 inatosha. Njombe ndiyo inapita 18. Otoklevu inayojiendesha kwa kipima joto haina habari na mwinuko, inafuata nyuzi.