Naombeni muvi ya kuangalia na mzee wangu, zangu zote zinamkimbiza sebuleni

Kitindamimba: Habari zenu wadau, naombeni ushauri. Mzee wangu ana miaka 71, tangu mama afariki mwaka jana jioni zake ni kukaa tu sebuleni TV inaongea yenyewe, maana mama ndo alikuwa mwenzie wa muvi, walikuwa wanapenda za kesi na upelelezi halafu wanabishana nani muuaji mpaka usiku mnene. Nimesema nikae naye mimi lakini naona nachemka. Juzi niliweka moja imesifiwa kila kona, dakika kumi tu kipande cha chumbani hicho, natafuta rimoti siioni, mzee akanyanyuka taratibu akasema anaenda kunywa maji. Hakurudi, nikasikia tu mlango wa chumbani kwake. Jana nikaweka ya kufukuzana na magari akalala na miwani usoni.

Natafuta yenye kesi au fumbo, isiyo na vipande vya aibu, na maandishi ya chini yasikimbie sana maana macho yake yanachelewa. Mimi ya mwisho kunikuna ni Parasite, nilitaka niweke hiyo, mnaonaje?

Kiti cha Mbele: Pole sana ndugu, mama apumzike kwa amani. Parasite USIWEKE. Muvi ni kali, mwaka 2020 imekuwa ya kwanza isiyo ya Kiingereza kubeba Oscar ya filamu bora, lakini kuna kipande cha mtu na mkewe kwenye sofa na kinachukua muda, hapo mzee anaenda tena kunywa maji.

Weka 12 Angry Men ya 1957, hiyo ndo dawa. Wanaume 12, raia wa kawaida waliopewa na mahakama kazi ya kuamua kesi, wamefungiwa chumba kimoja, joto kali, wanaamua kama kijana aliyeshtakiwa kumuua baba yake ana hatia au hana, kura ya kwanza 11 wanasema ana hatia, mmoja tu Henry Fonda anasema tuongee kwanza. Dakika 96 na karibu zote zipo ndani ya chumba hicho hicho na huchoki hata kidogo. Angalia kamera inavyotembea, mwanzoni mwongozaji Sidney Lumet anawapiga kutokea juu ya usawa wa macho, muda ukienda anashuka, mwishoni unawatazama kutokea chini mpaka dari unaliona, na lenzi nazo anazibadilisha kuta zinakuwa kama zinawabana. Mimi mara ya kwanza sikujua hayo, nilihisi tu hewa inapungua.

Muvi Kila Siku: The Shawshank Redemption ya 1994 mkuu, hakuna mzee asiyeipenda ile. Ilitajwa kwenye vipengele 7 vya Oscar ikatoka mikono mitupu lakini mpaka leo watu wanaililia.

Kiti cha Mbele: @Muvi Kila Siku naipenda sana ila mwanzoni kabisa pale mke yupo na hawara umepasahau? Na kule gerezani kuna mambo mazito. Kwa huyu mzee bado, labda baadaye wakishazoeana.

Muvi Kila Siku: Kweli kabisa, nilikuwa nimepasahau pale mwanzo.

Dada wa Mapazia: Mdogo wangu, kabla hujaweka chochote kile ingia tovuti ya IMDb, kila muvi ina sehemu ya mwongozo kwa wazazi, wanaandika kila kipande cha aibu kilichomo. Mimi siweki muvi mbele ya wakwe bila kupita hapo. Na maandishi ya chini unaweza kuyakuza kwenye mipangilio, ukiyaweka makubwa na rangi ya njano mzee atayafuata vizuri tu.

Halafu mjaribu Children of Heaven ya Iran, 1997. Sio ya kesi, lakini maneno ni machache, hata akikosa sentensi mbili haachwi nyuma. Kaka amepoteza viatu vya mdogo wake wa kike, nyumbani hela hakuna, wanaogopa kumwambia baba, basi wanatumia jozi moja, binti anasoma asubuhi, akitoka anakimbia vichochoroni kumuwahi kaka yake wabadilishane naye awahi zamu ya mchana. Kuna siku kiatu kinamponyoka kinaingia mtaroni kinachukuliwa na maji, mtoto anakikimbiza huku kinaelea, nilijikuta nimesimama sebuleni kwangu.

Na moja la mwisho, muulize ni muvi gani walibishana sana na mama, muiweke hiyo hiyo, mwache akusimulie mama alikuwa upande gani.

Shabiki wa Mafumbo: Drishyam jamani mbona mmeiacha! Jamaa shule aliishia darasa la nne, ana biashara ya kebo, akili zake zote kazitoa kwenye muvi anazoangalia usiku ofisini, siku balaa linaingia kwenye familia yake anatumia muvi hizo hizo kupambana na polisi. Ya kwanza ni ya Kimalayalam, lugha ya kusini mwa India, kacheza Mohanlal, 2013, ya Kihindi ya Ajay Devgn ni 2015. Inapita saa mbili na nusu na mwanzo unajivuta, kwa hiyo igawe siku mbili, simamisha katikati mzee alale na fumbo.

Kitindamimba: Wadau nimerudi. Jana 12 Angry Men. Fonda alivyochomoa kisu akakichomeka mezani pembeni ya kile cha ushahidi, vinafanana kabisa, mzee akavua miwani akasema "simamisha kwanza". Tukasimamisha karibu nusu saa anachambua ushahidi mmoja mmoja, sauti yake hiyo sijaisikia tangu msibani. Akasema mama yenu angemtetea huyu mtoto tangu dakika ya kwanza. Yeye lakini hajabadilika, muvi imeisha anasema kijana kaua, na leo asubuhi kabla hata sijamsalimia kaanza tena, kijana kaua. Mwenye hoja nzito anipe kabla ya jioni, peke yangu simuwezi.