Naomba ushauri: njia ya mita 1.5 imekwamisha mchoro wa urasimishaji

Wakuu habarini, na shikamoni kwa wanaostahili.

Mtaa uko mlimani hapa Mwanza, nyumba zimebanana juu ya mawe. Kamati ya urasimishaji (kupanga, kupima na kumilikisha makazi yaliyojengwa bila mpango) ipo, michango imekusanywa. Mchoro wa mipango miji umekwama kwenye njia: iliyopo ni mita 1.5, inatakiwa 4 ili gari la kunyonya vyoo lipite. Upande mmoja jabali, mwingine ngazi na vyoo vya kaya tisa. Mbele ya mwenyekiti wa mtaa, saba wamesaini muhtasari wa kuachia sehemu ya eneo lao kwa ajili ya njia. Wawili wanadai fidia, na fungu hilo kamati haina. Mchoro usipoidhinishwa hakuna bikoni (alama za mipaka ya viwanja), hivyo hakuna hati. Leseni ya makazi ipo, ila ni ya muda mfupi na benki huipokea shingo upande.

Igogo na Mabatini, hapa hapa Mwanza, kuna mabomba membamba ya majitaka yanayopenya katikati ya nyumba. Je, tukileta mpango wa namna hiyo badala ya gari la kunyonya, njia inaweza kuidhinishwa kama ya waenda kwa miguu, yenye ngazi za zege na mfereji wa mvua pembeni?

Pili, viwanja vya wale wawili vinaweza kurukwa wengine wapimwe, au kitalu chote kinasubiri?